Mnara, ukuta wa majina, jengo au sanamu? Kuchagua ukumbusho wa waliokufa vitani kwa miji ya Unguja na Pemba

Kamati ya ukumbusho ikikutana mara ya kwanza, mtu huwa keshakuja na mchoro mfukoni. Huyu anataka mnara mrefu uonekane tangu bandarini, yule anataka askari aliyeshika bunduki, na wazee wa mtaa wanauliza kwa nini fedha hizo zisichimbe kisima. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba wanabishania umbo kabla ya kujua wana nini mkononi: wana orodha ya majina au hawana, wana kiwanja au wanakiota tu, na ni nani atakayeshika brashi na ndoo ya maji sherehe ya ufunguzi ikishapita.

Zanzibar si mgeni wa jambo hili. Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, lilijengwa kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ni jengo la makumbusho. Michenzani kuna mnara wa Mapinduzi. Mkunazini, penye soko la zamani la watumwa, kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998. Ng'ambo ya maji, Dar es Salaam wana Askari wao wa bronzi tangu 1927. Kwa hiyo maumbo karibu yote yanayopendekezwa kwenye vikao yapo ya kwenda kutazamwa kwa macho, na mengine yameshakaa karibu miaka 100. Kamati yenye busara huenda kuyatazama kabla ya kumlipa mchoraji.

## Vigezo kwanza

Tumepima kila chaguo kwa mambo matano yale yale.

Majina. Je, ukumbusho unabeba majina ya watu, na yakipatikana mengine baadaye yataingia vipi?

Mahali na rukhsa. Ndani ya Mji Mkongwe huwezi kugonga hata msumari bila Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nje ya hapo unaanza kwa sheha, unakwenda Baraza la Mji au Manispaa, na hati ya kiwanja inathibitishwa Kamisheni ya Ardhi. Kiwanja kikiwa cha wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo yenye neno. Usimwage hata toroli moja ya zege kwa ahadi ya mdomo.

Ujenzi na vipimo. Bei tumeziacha makusudi, kwa sababu mfuko wa saruji haukai bei moja kutoka masika hadi vuli. Vipimo havibadiliki, mpelekee fundi wako akupigie hesabu ya leo.

Kinachoharibika. Visiwa hivi vina chumvi hewani, mvua kubwa mara mbili kwa mwaka, na jua la utosini. Ramani iliyotolewa kwenye kitabu cha nchi za baridi haikufikiria hata kimoja katika hivyo.

Matumizi na imani. Watu watafanya nini hapo? Gwaride la Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai linataka uwanja wazi. Khitma inataka kivuli na sakafu ya kutandika majamvi. Shada la maua linataka kidaraja cha kuliweka. Mtu aliyempoteza kaka yake atataka pahala pa kukaa peke yake.

Kati ya hayo matano, cha kuanza nacho ni majina, na hapa tunakaa kidogo.

Historia ya visiwa hivi inaonyesha wazi kinachotokea majina yasipoandikwa mapema. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliingia ikaipiga HMS Pegasus iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo yake. Waliokufa walikuwa 38, na mabaharia wa meli ile wana makaburi yao Kisiwa cha Chapwani hadi leo. Vita hivyo hivyo vilichukua wapagazi kwa maelfu katika Afrika Mashariki nzima, watu waliobeba risasi na unga vichwani hadi homa na njaa zikawamaliza njiani, na wengi wao hawana jiwe wala mstari. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu haikuwa uhaba wa mawe. Orodha nyingi hazikutunzwa, na zilizokuwepo hazikuonekana na thamani.

Basi kazi ya kwanza ya kamati ni daftari. Fungua safu hizi: jina la mtu, la baba, la babu, shehia, kikosi au kazi (askari, baharia, mpagazi, mpishi, muuguzi), vita au operesheni, mwaka na mahali alipofia, aliyetoa habari. Jina la babu si mapambo. Katika mji wowote wa Pemba utawapata Juma Ali watatu, na bila jina la babu familia mbili zitadai mstari mmoja. Tembelea shehia moja moja, kisha linganisha na Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu pale Kilimani, na kwa vita viwili vikuu angalia pia orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Kwa waliokufa Kagera mwaka 1978 na 1979, na kwa walinda amani kama wale waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, jeshi lina kumbukumbu. Omba kwa barua kupitia wilaya. Orodha ikishakamilika, ibandike ubaoni kwa sheha na skulini kwa siku 60 kabla ya kuipeleka kwa mchongaji. Kosa la karatasini linafutwa kwa kalamu. Kosa kwenye graniti linataka bamba jipya.

## Chaguo la kwanza: mnara

Majina. Mnara hausemi mengi. Uso wa mnara wa mita 4 unaochukua bamba vizuri ni ule wa kitako chake, wenye upana wa mita 1 hivi, na hapo yataenea majina 20 au 25 kwa uso mmoja. Ukitumia nyuso zote nne utafika 100, lakini msomaji atazunguka kama anayetafuta mlango. Kwa mji usio na orodha, udhaifu huu unageuka nafuu: maneno mawili matatu ya jumla yanatosha, na hakuna familia inayoachwa nje ya orodha kwa kuwa hakuna orodha.

Mahali na rukhsa. Unakula ardhi ndogo, mraba wa mita 5 kwa 5 pamoja na sakafu yake, ndiyo maana halmashauri hupenda kuuweka kwenye kipilefti. Sisi hatupendi. Kipilefti kinauonyesha mnara kwa madereva na kuwanyima waendao kwa miguu. Bibi mwenye mkongojo hatovuka njia mbili za magari kwenda kusoma jina la mumewe. Kona ya uwanja au mbele ya skuli ni bora, hata kama hauonekani kwa mbali.

Ujenzi. Chukua mnara wa mita 4, chini upana wa sentimita 60, juu 40, juu ya kitako cha mita 1 kwa 1 chenye kimo cha sentimita 60, na msingi wa mita 1.6 kwa 1.6 wenye unene wa sentimita 40. Jumla ni zege kama mita za ujazo 2.6. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 21 ya saruji ya kilo 50, nunua 24. Nondo 4 za milimita 16 zinapanda kutoka msingini hadi juu bila kukatwa kwenye kitako, na ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Nondo ya radi isisahaulike: waya wa shaba kutoka kileleni hadi ardhini.

Kinachoharibika. Nondo. Zege likiwa jembamba mbele ya nondo, chumvi inapenya, chuma kinashika kutu, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kwa mstari ulionyooka kutoka chini kwenda juu. Ukiona ufa wa namna hiyo kwenye nguzo yoyote ya pwani, ujue nondo imeshaliwa. Dawa ni ya siku ya kumwaga: acha milimita 50 za zege kati ya nondo na uso wa nje, tumia vipande vya zege kama vishikizo (si mbao wala mawe), na mwagilia maji siku 7 mfululizo. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi unayoikimbia utakuwa umeichanganya mwenyewe ndani. Vigae vya kung'aa vya bafuni, ambavyo mafundi wetu wanavipenda kweli, hung'oka kimoja kimoja baada ya masika chache na kuuacha mnara una mabaka.

Matumizi. Unafaa gwaride na mashada. Kwa khitma haufai sana isipokuwa pembeni kuna miti.

Unawafaa miji yenye kiwanja kidogo, isiyo na orodha inayoaminika, na inayotaka alama ya kukusanyikia siku moja kwa mwaka.

## Chaguo la pili: ukuta wa majina

Kwa kisiwa chenye mawe ya matumbawe na mafundi wanaojua chokaa, hili ndilo chaguo linalozungumza lugha ya hapa. Ndilo pia lenye kazi nyingi kuliko yote.

Majina. Hapa ndipo penye nguvu. Hesabu hivi: herufi kubwa za milimita 20 husomeka bila taabu kutoka mita 2.5. Jina la sehemu tatu lina herufi kama 25 pamoja na nafasi, kila moja milimita 15, yaani milimita 375. Bamba la milimita 900 kwa 1,200 linachukua safu mbili. Ukiweka mstari kila baada ya milimita 35 na kuacha milimita 100 juu na chini, unapata mistari 28 kwa safu, majina 56 kwa bamba. Mabamba manne ni majina 224. Yajaze matatu tu, la nne lianze tupu. Majina yatakuja, siku ya ufunguzi yenyewe atatokea mtu na cheti cha marehemu babu yake.

Mpangilio una kesi yake. Kwa alfabeti, mtu anatafutika haraka, na kwa majina yetu uanze na jina la mtu mwenyewe, si la babu. Kwa mwaka wa kufa, waliokufa pamoja wanabaki pamoja. Ukuta wa vita vya Vietnam kule Washington, uliochorwa na Maya Lin, wa mwaka 1982, umefuata njia hii kwa majina zaidi ya 58,000, na bila kitabu cha kutafutia hungempata mtu. Kwa cheo, hapana. Ukiweka makapteni juu na wapagazi chini umerudi kule kule kulikoleta ripoti ya 2021. Cheo kikitakiwa, kiandikwe kwa ufupi baada ya jina.

Wasiojulikana wapewe mstari wao, maneno ya kawaida tu: na wenzao ambao majina yao hayakuandikwa. Usiweke idadi usiyoweza kuitetea.

Mahali na rukhsa. Unataka urefu wa mita 6 au zaidi na nafasi ya mita 4 mbele yake. Elekeza uso kaskazini kama kiwanja kinaruhusu: mvua ya masika husukumwa na upepo wa kusi, na uso wa magharibi unapikwa na jua la alasiri mpaka jiwe jeusi haligusiki, hali wajane watataka kuligusa. Usijenge juu wala kando ya makaburi yaliyopo. Ukumbusho si kaburi, na ukuta wa majina ukikaa mavani watu hawatojua wafuate adabu ipi.

Ujenzi. Ukuta wa mita 6 kwa 2, unene wa sentimita 45, ni mita za ujazo 5.4 za mawe yaliyojengwa. Theluthi moja hivi ya ujazo huo ni udongo wa kujengea, mita 1.8. Kwa chokaa moja na mchanga tatu, tafuta chokaa iliyoloweshwa karibu mita za ujazo 0.6. Chokaa ya kienyeji, iliyochomwa tanurini kwa matumbawe, ilowekwe shimoni wiki kadhaa, na ukipata miezi mitatu ni bora zaidi. Chembe isiyolowana itavimba ndani ya ukuta na kurusha plasta kama bisi. Plasta ipigwe kwa tabaka zisizozidi milimita 10, kila moja ikingojea ya kwanza ikaze, na magunia mabichi yafunike ukuta siku 7. Kazi hii ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti. Kwenye jua la Februari chokaa hukauka kabla haijashika, na hubaki unga unaotoka kwa kidole.

Juu ya ukuta weka kofia yenye mteremko, itokeze milimita 40 kila upande, na chini ya ukingo wake uchonge kijifereji cha kudondoshea maji. Kitu kidogo, lakini bila hicho maji yote ya paa la ukuta hutambaa juu ya majina.

Mabamba: graniti ya milimita 30. Bamba la vipimo tulivyotaja lina uzito wa kilo 87 hivi, la kubebwa na watu wanne. Lishikwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 (304 haliwezi pwani), na nyuma yake liachwe wazi kwa milimita 20 ukuta upate kupumua. Herufi zichongwe kwa umbo la pembe, kina cha milimita 3 hadi 5. Herufi za kuandikwa kwa rangi au kubandikwa zitakulazimu kurudi kila baada ya miaka michache.

Kinachoharibika. Mengi, na karibu yote yanatokana na kuchanganya saruji na matumbawe. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na kuyatoa. Ukilivalisha plasta ya saruji, maji yanaingia kwenye ufa mdogo na kukosa pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuibandua vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Fundi atakwambia saruji ni imara zaidi. Ni kweli, na uimara huo ndio unaoua ukuta. Rangi ya mafuta inaleta msiba huo huo. Paka chokaa, kila mwaka baada ya masika.

Adui wa pili ni mche wa mkuyu unaoota kwenye ufa kwa mbegu ya ndege. Ukiwa na majani mawili unang'oka kwa vidole. Ukifika kimo cha mtu, mizizi imeshagawa ukuta.

Wa tatu ni sisi wenyewe. Zanzibar hakuna ukuta usio na baraza, na kamati hutaka kujenga baraza chini ya mabamba. Migongo na mafuta ya nywele huacha madoa, na aliyekaa anamzuia anayesoma. Baraza ijengwe mkabala, mita 2.5 mbele ya ukuta, kimo sentimita 45, kina 50, ikiwezekana chini ya mwembe au mkungu. Aliyekaa hapo anasoma majina yote bila kunyanyuka.

Matumizi. Unachukua kila kitu: khitma, shada, gwaride dogo, darasa la historia la skuli ya jirani.

Unawafaa walio na orodha iliyohakikiwa, fundi wa chokaa anayeaminika, na mtu wa kuupaka kila mwaka. Asipokuwepo huyo wa tatu, fikirieni tena.

## Chaguo la tatu: jengo la manufaa

Majina. Jengo halisi la ukumbusho lina majina ukumbini, si nje. Hatari yake ni kwamba kazi ya jengo humeza kumbukumbu. Beit el Amani ni mfano mzuri kwa pande zote mbili: limetumika miaka mingi kuliko minara mingi ya rika lake kwa sababu lilipewa kazi ya makumbusho, lakini mgeni anayetoka akikumbuka vitu vya maonyesho anaweza asijue kabisa kwamba jengo zima ni ukumbusho wa vita. Dawa ni bamba kubwa mlangoni, kimo cha macho, na jina la ukumbusho liingie katika jina rasmi la jengo, kwenye hati na kwenye barua.

Mahali na rukhsa. Ndilo gumu kupata ardhi, ila ukijenga ndani ya eneo la skuli au kituo cha afya kilichopo, rukhsa na ulinzi vinakuja pamoja.

Ujenzi. Hili ni jengo kama majengo mengine, tusirefushe. Neno moja tu kwa wanaotaka kisima, kwa kuwa hoja hii haikosi kikaoni. Maji matamu ya visiwa vyetu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Kwa kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 chini yake, na ukiyavuta kwa pampu kubwa yakashuka kidogo juu, chumvi inapanda kwa kasi kutoka chini. Kisima cha ukumbusho kilichochimbwa karibu na pwani na kufungwa pampu yenye nguvu kitatoa maji ya chumvi, na jina la mashujaa litatajwa na kila anayetema. Chimba mbali na ufuo, vuta polepole kwa saa nyingi, jaza tangi.

Kinachoharibika. Bajeti. Ukuta ukisahauliwa miaka mitano unapauka. Maktaba ikisahauliwa miaka mitano inageuka stoo ya viti. Kabla ya jiwe la msingi, pawepo makubaliano ya maandishi yanayotaja nani analipa umeme, nani ana ufunguo, na nini kitatokea jengo likibadilishwa kazi: bamba litahamia wapi.

Matumizi. Linafaa mwaka mzima, na imani zote za mji zinaingia bila maneno. Halina lile la kusimama kimya mbele yake.

Linawafaa miji ambako kutumia fedha kwa jiwe lisilofanya kazi kutaleta manung'uniko, na ambako kuna taasisi iliyo tayari kulibeba.

## Chaguo la nne: sanamu

Majina. Sanamu inabeba sura, hubebi nayo majina ila kwenye kitako. Askari wa Dar es Salaam ana maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, pamoja na Kiingereza, lakini jina la mtu hata mmoja hakuna. Swali lingine ni sura ya nani: ukimchonga askari, mpagazi yuko wapi? Nairobi walilijibu kwa kusimamisha watu watatu, mmoja wao mpagazi.

Mahali na rukhsa. Tarajia mjadala mrefu kuliko wa chaguo lolote. Kwa Waislamu wengi wa visiwani, sura ya binadamu iliyosimamishwa ina pingamizi la dini, na kamati isiyowauliza maimamu mapema itaulizwa yenyewe baadaye, kwa sauti zaidi. Sanamu za Mkunazini, watu watano shimoni wakiwa na minyororo halisi shingoni, zimekaa kwenye eneo la kanisa la Anglikana, na pale zinafanya kazi yake barabara.

Ujenzi. Bronzi inataka kiwanda cha kuyeyushia. Ya Dar es Salaam ilimwagwa Uingereza. Njia ya karibu ni zege juu ya mifupa ya nondo, na masharti ya milimita 50 yanabaki pale pale, jambo gumu kwenye kidole au mtutu wa bunduki. Vipande vyembamba ndivyo vinavyokatika mwanzo. Tumia chuma cha 316 humo, au chora umbo lisilo na vipande vyembamba.

Kinachoharibika. Bronzi huibiwa kuuzwa chakavu, kuanzia vibao vidogo vilivyofungwa kwa skrubu. Na sanamu ndiyo ya kwanza kuanguka utawala ukibadilika: ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ilisimamishwa Dar es Salaam na Wajerumani, Waingereza walipoingia wakaishusha na Askari akaja kukaa hapo hapo.

Inawafaa eneo lenye mwenyewe na walinzi, lenye makubaliano ya jamii yaliyoandikwa, na mchongaji ambaye kazi zake za miaka 10 nyuma mmekwenda kuziona zimekuwaje.

## Kwa hali yenu

Mna orodha iliyohakikiwa na kiwanja cha mita 6 kwa 5 au zaidi: anzeni na ukuta, hata kama fedha zinatosha bamba moja tu kwa sasa. Ukuta ujengwe wote, mabamba yafuate mwaka hadi mwaka.

Hamna orodha, na Siku ya Mashujaa iko mbele: jengeni mnara mdogo wenye maneno ya jumla, muendelee na daftari. Acheni nafasi nyuma yake ya ukuta wa baadaye, na mwonyesheni mchoraji nafasi hiyo kwenye ramani asije akapanda mti hapo.

Mko ndani ya Mji Mkongwe: msijenge kipya. Ombeni bamba kwenye ukuta uliopo, lenye upana usiozidi milimita 600, la kufungwa kwenye maungio ya chokaa na si kwenye jiwe lenyewe, ili likiondolewa siku moja lisiache tundu lisilozibika. Rukhsa kama hiyo ni rahisi kutetewa kuliko ya kujenga kitu kipya.

Mji umegawanyika juu ya nani anastahili kuitwa shujaa, jambo lisilo geni kwetu: nendeni kwa jengo la manufaa, na maneno mlangoni yataje waliokufa vitani bila kuhukumu. Ukumbi wa majina unaweza kufuata watu wakishazoea kuingia.

Mna mfadhili mmoja mwenye fedha nyingi na anataka sanamu: mwombeni kwanza alipie daftari la majina na posho ya matunzo ya miaka 10, iwekwe akaunti ya watu watatu. Akikubali, zungumzeni umbo. Akikataa, mmejua mapema.

Na mkiwa na fedha za bamba moja tu na chochote hakitawezekana zaidi ya hapo: graniti ya milimita 600 kwa 900, pini nne za 316, ukutani kwa skuli ambayo watoto wa waliokufa walisoma, kimo cha katikati yake mita 1.5 kutoka ardhini. Mwalimu wa zamu awe ndiye mwenye brashi laini na ndoo ya maji matupu, mara moja kwa muhula. Sabuni ya unga na asidi ya kusafishia vyoo zisikaribie. Asidi inakula chokaa ya ukuta unaolishika bamba, na inaacha michirizi isiyotoka.